Mistari mitatu ya kitabu: kesi ya Google na swali la nani anaruhusiwa kunakili

Andika neno la Kiswahili lisilo la kila siku kwenye Google Books, tuseme "mtepe" au "unyago". Katika majibu utakayoletewa hutakosa vitabu vilivyochapwa Nairobi au Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970, vitabu ambavyo leo huvipati dukani wala kwenye maktaba ya mkoa. Ukibofya kimoja, mara nyingi hufunguliwi kitabu. Unaonyeshwa ukanda mwembamba wa karatasi, mistari mitatu au minne, neno lako limepakwa njano, basi. Juu yake na chini yake hakuna kitu.

Wengi wakikutana na ukanda huo hudhani mtandao umekwama, au wanatakiwa walipe ndipo wasome. Sivyo. Ule ukanda, ambao hapa nitauita kipande, ulibishaniwa mahakamani New York kwa zaidi ya miaka kumi. Na ubishi wenyewe unatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu sehemu ya kumbukumbu ya maandishi yetu imo ndani ya mashine hizo.

Tuanze na safari ya kitabu chenyewe. Mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi. Kazi yake ni kununua na kukusanya vitabu, magazeti na nyaraka za Afrika Mashariki na nchi jirani, kwa ajili ya maktaba hiyo na kwa maktaba za vyuo vikuu vya Marekani. Kwa njia hiyo na nyingine, tamthilia iliyochapwa Dar es Salaam kwa nakala chache, ikauzwa kwa shilingi chache na kusahaulika, iliweza kukaa salama kwenye rafu ya chuo kikuu ng'ambo, mbali na mchwa na mvua.

Kisha, Desemba 2004, Google ikatangaza kwamba itaskani vitabu vya maktaba tano kubwa: za vyuo vikuu vya Michigan, Harvard, Stanford na Oxford, pamoja na Maktaba ya Umma ya New York. Michigan peke yake ilikuwa na vitabu takriban milioni 7. Google husimulia kwamba chuo kilikadiria kazi ya kuviskani ingechukua miaka 1,000, na Larry Page, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, akamwambia rais wa chuo kwamba wao wangeimaliza kwa miaka sita. Kitabu kiliwekwa juu ya kihimili, kamera zikiwa juu yake, na mtu akafunua ukurasa baada ya ukurasa kwa mkono. Ndiyo maana hadi leo unaweza kufungua kitabu cha karne ya 19 ukakuta kidole cha mfanyakazi kimenaswa pembeni ya maandishi.

Oxford na Maktaba ya Umma ya New York zilitoa vitabu vya zamani tu, ambavyo hakimiliki yake ilikuwa imekwisha. Hivyo havikuwa na ugomvi. Michigan ilikubali vyote, hata vya waandishi walio hai. Na hapa Google haikuomba ruhusa. Ilichosema ni kwamba mwenye kitabu asiyetaka kiskaniwe alete jina la kitabu, nao watakiruka.

Waandishi waliona sheria imepinduliwa kichwa chini. Hakimiliki maana yake ni kwamba anayetaka kunakili ndiye aanze kubisha hodi. Jirani hawezi kuondoka na baiskeli yako alfajiri, kisha akujibu kwamba ungetaka isiguswe ungejiandikisha kwake. Tarehe 20 Septemba 2005 chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kikafungua kesi. Mwezi uliofuata wachapishaji watano wakubwa wakafungua ya kwao. Google ikajibu kwa maneno mawili ya Kiingereza, fair use, ambayo Kiswahili tunayaita matumizi ya haki.

Lugha yetu inatutega kidogo hapo. Kwetu "haki" ni ile stahili ya mtu, kama tunavyosema haki ya mirathi, na pia ni uadilifu, kama tunavyosema amehukumu kwa haki. Katika neno hakimiliki iko ile ya kwanza. Katika matumizi ya haki iko ya pili. Kwa hiyo sheria ya Marekani inasema hivi: mwandishi ana haki ya kuzuia nakala za kazi yake, lakini haki hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni pale ambapo kumzuia mnakili kungekuwa si uadilifu na kungekwamisha elimu ambayo hakimiliki iliwekwa iikuze. Mhakiki anayenukuu aya ili aikosoe, mwalimu anayesoma kifungu darasani, mwandishi wa habari anayetaja maneno ya kitabu, hao hawaombi ruhusa.

Mzizi wa jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1841 Jaji Joseph Story alisikiliza kesi ya barua za George Washington, ambapo mtu alichukua mamia ya kurasa kutoka kwenye mkusanyo mkubwa wa mwenzake ili aandike kitabu kifupi zaidi. Alishindwa kesi, ila vigezo alivyovitumia jaji vilirithiwa, na mwaka 1976 Bunge likaviandika kwenye kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki. Ni vinne: lengo na namna ya matumizi; aina ya kazi iliyonakiliwa; kiasi kilichochukuliwa; na madhara kwa soko la kazi ile. Havijumlishwi kama alama za mtihani. Jaji huvipima kwa pamoja, na kila kesi huja na uzito wake. Ndiyo sababu mawakili wa Marekani husita kukuahidi jibu kabla ya hukumu.

Kabla ya mizani hiyo kuguswa, pande zote zilikaribia kumaliza mambo nje ya mahakama. Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu naamini ndipo palipokuwa na jambo kubwa kuliko hukumu yenyewe.

Oktoba 2008 zilitangaza suluhu ya dola milioni 125. Google ingeruhusiwa kuuza vitabu vilivyoacha kuchapwa, huku asilimia 63 ya mapato ikienda kwa wenye haki na 37 ikibaki kwake. Vyuo vingelipia kufungua mkusanyo mzima. Kingeundwa chombo cha kuwatafuta waandishi na kuwagawia fedha. Kwa msomaji hii ilikuwa neema: mamilioni ya vitabu visivyopatikana popote vingesomeka, tena vyote, si vipande.

Tatizo lilikuwa namna ya kuwafunga watu. Kesi ilikuwa ya uwakilishi, ile ambayo wachache husimama kwa niaba ya kundi zima, na asiyejitoa huhesabiwa amekubali. Kundi hilo lilikuwa la kila mwenye haki juu ya kitabu chini ya sheria ya Marekani. Sasa, Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na mkataba huo unataka kila nchi mwanachama impe mwandishi wa kigeni ulinzi ule ule inaompa wa kwake. Maana yake mwandishi wa Morogoro, bila kujua lolote, alikuwa na hakimiliki Marekani, na kwa hiyo alikuwa ndani ya suluhu iliyoandikwa New York. Kama hakupata habari wala kupeleka barua ya kujitoa, kitabu chake kingeuzwa na kampuni ambayo hajawahi kuongea nayo.

Ufaransa na Ujerumani zilipinga. Wizara ya Sheria ya Marekani nayo ilipinga. Novemba 2009 suluhu ikapunguzwa, ikabaki na vitabu vilivyosajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani, na vilivyochapwa Uingereza, Kanada na Australia. Kwa hiyo vitabu vyetu, visivyosajiliwa huko, vikaondoka kimya kimya kama vilivyoingia. Tarehe 22 Machi 2011 Jaji Denny Chin aliikataa suluhu yote. Alisema inavuka mbali zaidi ya ugomvi uliofikishwa mbele yake: kesi ilihusu kuskani na kuonyesha vipande, suluhu ikampa mshtakiwa ruhusa ya kuuza vitabu vizima vya watu ambao hawakuwepo. Tena ingeipa Google peke yake nguvu juu ya vitabu yatima, yaani vile ambavyo bado vina hakimiliki lakini mwenyewe hajulikani au hapatikani. Alishauri kwamba kungekuwa na mambo machache ya kupinga kama wenye vitabu wangeingia kwa kukubali, si kutolewa kwa kukataa. Suala la yatima, alisema, ni la Bunge.

Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani pia tulipoteza. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Wachapishaji walipatana na Google faraghani mwaka 2012. Waandishi walibaki. Novemba 2013 Jaji Chin, ambaye wakati huo alikwisha kupandishwa kwenda Mahakama ya Rufaa lakini aliibakiza kesi hii mikononi mwake, akaamua kwamba Google haikuvunja sheria. Waandishi wakakata rufaa, na rufaa ikamwangukia Jaji Pierre Leval.

Mwaka 1990 Leval alikuwa ameandika makala katika jarida la sheria la Harvard akisema swali la kwanza katika matumizi ya haki liwe hili: je, aliyenakili ameigeuza kazi? Yaani ameipa lengo jipya, maana mpya, au ameirudia tu ili ishike nafasi ya ile ya mwanzo? Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ililichukua wazo hilo. Sasa, miaka 25 baada ya makala yake, aliyelichonga ndiye aliyepewa kulitumia kwenye vitabu zaidi ya milioni 20.

Hukumu yake ya tarehe 16 Oktoba 2015 ni ya kusomwa kwa utulivu, na kiini chake ni tofauti kati ya kutafuta na kusoma. Chukua kigezo cha kiasi. Google ilinakili kila ukurasa, kwa hiyo ungetarajia ishindwe palepale. Lakini fikiria kazi ya faharasa. Ili nikuambie neno "mtepe" limo katika kitabu hiki wala halimo katika kile, lazima niwe nimepitia vyote hadi jalada la mwisho. Nikiruka sura moja, jibu langu la "halimo" ni uongo. Nakala nzima ilihitajika ili huduma ya kutafuta iwe ya kweli, na mahakama ikasema cha kupimwa si kile kilichoingia kwenye mashine bali kile kinachomfikia msomaji.

Na kinachomfikia kilikuwa kimebanwa kweli. Kipande ni moja ya nane ya ukurasa. Kwa neno moja unaonyeshwa vipande vitatu tu, na ukirudia utafutaji ule ule unapewa vile vile. Katika kila ukurasa kipande kimoja kimezuiwa daima, na katika kila kurasa kumi ukurasa mmoja umezuiwa wote. Kamusi na vitabu vya mashairi mafupi havionyeshwi kabisa, kwa kuwa pale kipande kimoja kinaweza kuwa ndicho kitu chenyewe ulichokifuata. Upande wa waandishi uliajiri watu wahangaike kwa majuma kadhaa kutafuta maneno tofauti ili waone wataunganisha kiasi gani cha kitabu. Hawakuvuka asilimia 16, nayo ikiwa imetapakaa huku na kule kama vigae vya chungu kilichovunjika.

Kuhusu soko, Leval alikiri jambo ambalo wengi huliruka: ndiyo, kipande kinaweza kumnyima mwandishi mauzo. Akatoa mfano wa mwanafunzi anayetaka kujua Franklin D. Roosevelt aliugua polio mwaka gani. Anatafuta, kipande kinamwambia 1921, na kitabu hakinunui. Lakini mwaka 1921 si mali ya mwandishi. Tukio halina hakimiliki. Chenye hakimiliki ni namna mwandishi alivyolieleza. Mpaka huu ni muhimu kwetu sote tunaoandika historia, nao hushambuliwa mara kwa mara.

Je, faida? Google ni kampuni ya biashara, na hakuna anayedhani iliskani vitabu kwa sadaka. Jaji alijibu kwamba magazeti, wachapishaji na wahakiki nao hutafuta faida, na hilo halijawanyima matumizi ya haki. Aprili 2016 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya waandishi. Hapo kesi ikafungwa.

Sambamba na hiyo ilikuwepo kesi nyingine. Google iliziachia maktaba nakala za kidijitali za vitabu vyao, na mwaka 2008 vyuo vikaziweka pamoja katika hazina iitwayo HathiTrust. Hathi kwa Kihindi ni tembo, mnyama anayesifiwa kwa kutosahau. Waandishi waliishtaki pia, wakashindwa mwaka 2012 na tena katika rufaa mwaka 2014. Mahakama ilikubali kwamba msomaji asiyeona anaweza kupewa kitabu kizima, si kipande, ili mashine imsomee. Kabla ya hapo mwanafunzi asiyeona alisubiri kitabu kimoja kimoja kigeuzwe kwa ajili yake.

Ukitaka kuona mpaka ulipo, mtazame aliyeuvuka. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya San Francisco, iliskani vitabu na kuviazimisha kama maktaba: ina nakala moja ya karatasi, basi inaazimisha nakala moja ya skrini kwa wakati mmoja. Machi 2020, shule na maktaba zilipofungwa kwa ajili ya korona, ikaondoa kikomo hicho. Juni wachapishaji wanne wakaishtaki. Mwaka 2023 Jaji John Koeltl aliamua dhidi yake, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye. Lakini hukumu haikuishia kwenye zile wiki za korona. Hata ule uazimishaji wa nakala moja ya skrini kwa nakala moja ya karatasi ulikataliwa, kwa sababu msomaji anapewa kitabu kile kile ili akisome kama ambavyo angekisoma akikinunua. Hakuna kilichogeuzwa. Moyo wangu ulikuwa na Archive, lakini siwezi kusema mahakama ilijipinga: ni mizani ile ile ya Leval, na safari hii uzito uliangukia upande wa kusoma.

Mwaka 2025 ubishi uliingia kwenye akili mnemba. Juni, Jaji William Alsup wa San Francisco alisikiliza kesi dhidi ya Anthropic, kampuni inayotengeneza programu za akili mnemba, iliyonunua vitabu vya karatasi, ikavikata migongo, ikaviskani na kutupa karatasi. Alisema kuvigeuza vitabu ulivyonunua kuwa vya kidijitali ni matumizi ya haki, na kuifunza programu kwa vitabu hivyo pia. Ila kuweka hazina ya mamilioni ya vitabu vilivyopakuliwa kutoka tovuti za wizi, hapana. Kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kila kitabu kwa karibu vitabu 500,000. Siku mbili baada ya hukumu ya Alsup, Jaji Vince Chhabria aliamua kesi kama hiyo dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook, kwa upande wa kampuni, lakini akaonya kwamba soko la waandishi likithibitishwa kufurika maandishi ya mashine, jibu linaweza kuwa jingine.

Yote hayo ni Marekani. Paris mahakama iliiangalia Google hiyo hiyo kwa jicho jingine: Desemba 2009 ilisema kuskani vitabu vya kundi la La Martinière bila ruhusa ni kosa, ikaamuru fidia ya euro 300,000. Ufaransa haina matumizi ya haki yaliyo wazi namna ile. Ina orodha ya mambo yanayoruhusiwa, na kuskani maktaba nzima hakumo.

Sheria zetu ziko karibu na orodha kuliko mizani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazungumzia matumizi ya uadilifu kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio ya sasa. Ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 nayo inataja ruhusa moja moja, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Kwa hiyo anayesoma kwamba "mahakama imeruhusu kuskani vitabu" asikimbilie kuskani rafu ya maktaba ya Mombasa au Dodoma akidhani amekingwa. Kitabu kilichochapwa Dar es Salaam na kuskaniwa Michigan kinahukumiwa kwa sheria ya Marekani; kitabu kile kile kikiskaniwa Dar es Salaam kinahukumiwa kwa sheria ya Tanzania.

Bunge la Marekani, ambalo Jaji Chin alilikabidhi yatima, halijapitisha sheria yao hadi leo; muswada wa mwaka 2008 ulipita Seneti ukafia Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo riwaya ya Kiswahili ambayo mchapishaji wake alifunga milango na mwandishi wake alifariki inaendelea kuonekana kwa mistari mitatu, ingawa nakala yake nzima, kuanzia jalada hadi jalada, imehifadhiwa.

Kuna mlango mmoja usiohitaji jaji wala Bunge. Mwenye haki anaweza kuiandikia HathiTrust akaruhusu kitabu kifunguliwe kwa wote, au akaiambia Google ionyeshe kurasa zaidi. Mwenye haki huyo aweza kuwa mwandishi mwenyewe ambaye mkataba wake ulikwisha, au mjane, au mtoto aliyerithi sanduku la karatasi za baba na hajawahi kulifungua. Karatasi ya kutafuta humo ni mkataba wa uchapishaji, hasa kifungu kinachosema haki zinarudi lini kwa mwandishi kitabu kikiacha kuchapwa.